Ukigusisha Simu, Nijue Umekunywa Dawa

Mwanangu Osmund,

Salamu naziruka, shikamoo yako nimeiitikia asubuhi na tumeshinda wote. Sasa hivi umekwenda Mbinga mjini kufuata viatu kwa fundi. Mama yako anapiga pasi mashati yale yale aliyoyapiga pasi jana. Mimi nimejifungia kwenye stoo ya kahawa nikisingizia kwamba nachambua punje mbovu, kumbe nimekaa juu ya gunia na kalamu mkononi. Naandika kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi utaanza kunitania, na mimi nikishataniwa nasahau nilichotaka kusema.

Mambo ya kulinda begi kwenye basi, ya kuvaa sweta, ya kutokubali soda ya mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshakwambia mpaka masikio yanakuuma. Siyarudii. Bibi yako naye ameleta kutoka Liuli usipa mkavu, dagaa wale wa ziwani, wa kulisha bweni zima, na utaubeba, unune usinune.

Mimi nina moja tu. Naogopa. Tangu mchana nalitafutia neno lenye heshima zaidi na sijalipata. Naogopa utaangukia huko Morogoro katikati ya watu wasiokujua, na watu hao watasimama mbali wakikuangalia, kama wafanyavyo wengi mtu wa kifafa akianguka, wakiogopa hata kuguswa na povu. Tangu ugonjwa huu ukupate ukiwa darasa la nne, hujawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa damu yako. Kesho ndiyo mara ya kwanza, na mimi mtu mzima mchana huu nimeshindwa kumaliza ugali.

Najua utasema, baba, tangu nianze dawa nimeanguka mara ngapi? Chache, ni kweli. Na hizo chache zote ni siku ulizosahau kumeza. Ndiyo maana nakuogopea usahaulifu kuliko ninavyokuogopea ugonjwa wenyewe, na ndiyo maana nimekaa hapa kukuomba kitu kimoja. Ukifika chuoni, bandika kibandiko kingine cha dawa kama kile cha Liuli, na unirudishie ule ujumbe wa asubuhi na jioni. Hilo tu. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mara ya mwisho nilipolitaja ulitoka nje ukaenda kukata kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Basi ngoja nilieleze vizuri, na wewe usome mpaka mwisho.

Siku ulipoleta ile bahasha ya vibandiko, vya mviringo, vyembamba, vina kawaya kalikozungushwa ndani, nilidhani ni vya kubandikia bei dukani. Ukasema, baba, hivi vinaitwa NFC, havina betri, havina laini, ukigusisha mgongo wa simu tu, simu inafanya kazi uliyoipangia. Nikakuambia haya, sasa umekuwa mganga. Ukacheka. Wiki hiyo hiyo ukatubandikia nyumba nzima. Cha kwenye mlango wa stoo hii kinawasha tochi. Naingia na debe begani, nagusisha simu, mwanga huo, wala sihangaiki na kioo ambacho hakitambui vidole vyangu hivi vilivyokakamaa kwa jembe na kahawa. Cha kichwani mwa kitanda kinanyamazisha simu na kutega saa ya kuamka. Cha mama yako ulikibandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, simu ikae kimya kanisani, tangu ile Jumapili simu yake ilipolia muziki wa harusi watu wakiwa wamepiga magoti. Wewe mwenyewe ukajiwekea kama hicho kwenye kitabu chako.

Nilijisifu na hicho cha stoo, nisikufiche. Mgeni akija namwambia hebu zima hiyo taa tuingie stoo, halafu nagusisha simu mlangoni, natulia kimya nione anavyoshangaa. Mama yako alisema nimekuwa mtoto.

Lakini kilichonishika moyo ni kile cha Liuli. Ulipomaliza kidato cha nne ukateremka ziwani kukaa na bibi yako, ukamsaidia kuanika usipa na ukaimba kwaya huku ukingoja chuo. Huko ulibandika kimoja juu ya mfuniko wa ndoo ya maji ya kunywa, kwa sababu dawa unamezea hapo. Unameza, unagusisha simu, simu inatega kengele ya dozi inayofuata. Wewe ulitaka kengele tu. Mimi ndiye niliyekubembeleza uongeze na ujumbe wa kuja kwangu. Ukaongeza. Neno lenyewe moja: "Nimekunywa."

Osmund, wewe hujui neno lile lilinifanya nini. Mtandao huku kwetu unajua mwenyewe ulivyo, kwa hiyo asubuhi nilikuwa napanda mpaka kwenye kichuguu cha juu ya shamba, naingoja simu itetemeke. Ikitetemeka, nashuka, nakunywa chai. Isipotetemeka, chai inapoa. Mama yako alikuwa akiniambia, "Baba Osmund, hiyo chai yako inangoja ruhusa kutoka Liuli?" Ni kweli. Ilikuwa inangoja ruhusa kutoka Liuli.

Sasa nije kwenye ile Jumapili. Hatujawahi kuizungumza sawasawa, mimi na wewe, tumekuwa tukiizunguka tu.

Asubuhi ile ujumbe haukuja. Nikangoja. Nikasema pengine amechelewa kuamka. Nikasema pengine mtandao. Nikapiga kwa bibi yako, haipatikani. Nikakupigia wewe, inaita, inaita, haipokelewi. Mtu mwenye akili zake angekumbuka kwamba ni Jumapili, kwamba uko kanisani na umegusisha kile kibandiko chako cha kunyamazisha simu. Mimi akili zangu zilikuwa zimeshakuona umeelea kwenye maji. Nisamehe, ndivyo zilivyokuona. Kila nikikufikiria Liuli nakuona karibu na maji.

Nikampigia mjomba wako Denisi, ambaye siku hiyo hakwenda ibadani kwa sababu ya mgongo. Nikamwambia, kwa sauti iliyomtoa mama yako jikoni akapanda kuja kuangalia kuna nini, "Mtafute Osmund popote alipo. Muulize kama amekunywa dawa. Usinirudishie simu bila jibu." Denisi unamfahamu, ukimtuma kitu anakifanya kama ulivyosema, haongezi wala hapunguzi. Akaingia kanisani kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Akapita hadi mbele. Akasimama kwenye safu yenu ya besi, akauliza, kwa ile sauti yake ya kuitia watu wa mtumbwi, "Baba yako anauliza, dawa za kifafa umekunywa?"

Wimbo ulikatika. Denisi mwenyewe alinisimulia baadaye, bila kuona kosa lolote, kwamba wewe ulijibu "nimekunywa, mjomba", ukaketi.

Na ulikuwa umekunywa. Kilichotokea ni kwamba bibi yako, katika kusafisha, alikibandua kibandiko kwenye mfuniko wa ndoo akakibandika kwenye kopo la bati unamoweka dawa. Alitaka vitu vya dawa vikae pamoja. Mtu gani angemlaumu? Ungemuuliza yeyote, angesema hapo ndipo mahali pake. Lakini vibandiko hivi haviwezi kazi juu ya bati, simu haivisikii. Ukameza, ukagusisha, ukawa na haraka ya kwaya, hukungoja simu itetemeke. Kwa ajili ya kopo la bati, kanisa zima likajua kitu nilichokificha miaka yote.

Maana mimi ndiye niliyekificha, si wewe. Walimu niliwaambia una malaria sugu. Majirani niliwaambia damu yako ndogo. Wewe nilikufundisha useme hivyo hivyo, ukasema, na nilikuona jinsi ulivyokuwa ukitazama chini kila ukisema. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa nawaogopa watu, halafu nikaona ni vyema na wewe uwaogope.

Siku ile nilipanda bodaboda kuteremka Liuli. Sikungoja Denisi arudishe jibu, nilishaondoka. Njia nzima yule kijana akiniambia, "Mzee, legeza mikono, unaninyonga." Nilikukuta umekaa kwenye mawe, umekipa kijiji mgongo, karibu na maji kuliko ninavyopenda. Ukasimama. Ukasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba." Na hapo, mwanangu, ningeweza kusema neno lolote duniani. Ningeweza kusema pole. Nikasema, "Umekunywa dawa?"

Ukaniambia, "Baba, kanisa zima linajua nimekunywa."

Hukusema kwa hasira, na afadhali ungekasirika. Uliingia ndani kwa bibi yako, ukakibandua kile kibandiko kwenye kopo, ukakikunja mpaka kawaya kakakatika, ukakitupa kwenye majivu. Bibi yako alianza kulia akidhani ni kosa lake. Mimi nilirudi Mbinga na bodaboda ile ile, na safari hii nililegeza mikono.

Baada ya hapo ujumbe haukuja tena, na mimi sikuthubutu kuudai. Kengele nayo ilikwenda na kibandiko. Ukawa unameza kwa kukumbuka, na siku moja hukukumbuka. Ukaanguka kwenye mazoezi ya kwaya.

Nililijua hilo muda mrefu baadaye, tena kwa bibi yako, alipokuja kuuza usipa. Alidhani nafahamu. Akanisimulia kwamba kijana mmoja wa besi, Gaitani, jioni ya ile ile Jumapili ya aibu alikufuata nyumbani akakuuliza, "Sasa ukianguka tukufanyeje?" Na wewe ukamweleza, nilazeni ubavu, msinitie kijiko mdomoni, ondoeni viti, ngojeni. Naye akawaeleza wenzake. Kwa hiyo ulipoanguka kweli, wale watoto walikulaza ubavu, wakakuwekea kanga ya mtu chini ya kichwa, wakangoja, ukaamka, ukanywa maji. Bibi anasema kuna wawili ambao tangu ile Jumapili hawakai tena benchi moja na wewe. Na wengine wote wanakaa.

Nilipolisikia hilo nilikwenda shambani nikapalilia ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, ambayo yalikwishapaliliwa. Nilikuwa nahesabu, ningekuwa nimefanikiwa kukuficha kama nilivyokusudia, siku ile ungeangukia katikati ya watu waliofundishwa na mimi kwamba una malaria. Wangekumwagia maji. Wangekutia kijiko. Wangekimbia. Kosa langu la kupayuka ndilo lililokuokoa, na uangalifu wangu wa miaka yote ndio uliokuwa unakungoja ukuumize. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nakuandikia tu ulijue, kwa sababu unakwenda mahali pa kuanza upya na najua kishawishi kitakuwepo cha kuanza na ile malaria yetu. Nami nisingependa uibebe tena.

Vibandiko vyako navipenda, lakini vina mambo yake. Vinakataa bati. Simu nyingine hazina huo uwezo kabisa, nimejaribu na ya Denisi, na ya padri wetu, zikakaa kimya. Mtu mwingine anao lakini ameuzima mwenyewe bila kujua. Hata hivyo, ile bangili yako ya mpira yenye kibandiko ndani, uliyosema utaivaa mkononi ili mpita njia akigusisha simu asome una tatizo gani, na mimi nikakukaripia kwamba unataka kuuvaa ugonjwa kama saa, nimekubali uivae. Vaa. Ila mwenzako wa kitanda cha pili mwambie kwa mdomo, siku ya kwanza, kabla hamjajuana vizuri mkaanza kuoneana haya.

Nimeacha kuandika kidogo. Mama yako amegonga mlango kuleta uji, akaona barua, akajifanya hajaona. Alikuwa na bangili yako mkononi. Umekwenda mjini umeiacha juu ya meza, na hilo nalo tungeligombania, lakini limenipitia kwa yaliyofuata.

Aliiweka hapa juu ya gunia akatoka. Nimeitazama. Osmund, sikukusudia kuchungulia mambo yako. Au nilikusudia. Nilitaka kuhakikisha umeweka namba yangu sawasawa, maana namba yangu una kawaida ya kukosea mwisho wake. Nikagusisha simu. Ikatetemeka. Nikavaa miwani. Nayaandika hapa kama nilivyoyasoma, ingawa umeyaandika wewe:

"Naitwa Osmund. Nina kifafa. Nilaze ubavu, legeza kola, usinitie kitu mdomoni, kaa nami. Nikikawia kuamka nipeleke hospitali, umpigie mama, namba yake iko chini. Usimpigie baba kabla sijaamka. Yuko mbali na anaogopa sana. Nitampigia mwenyewe."

Nimesoma, nikasoma tena. Kwanza nilikasirika. Nikatoka na simu hadi kwa mama yako nikamuuliza, wewe ulijua? Akasoma, akaweka pasi pembeni, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia, akasema, "Amekuandikia vizuri." Nikarudi huku stoo.

Ulinifundisha jinsi ya kuandika upya juu ya kibandiko ambacho hakijafungwa, na hiki hukukifunga. Kwa hiyo nimefungua ile programu. Nimefuta kile kipande changu, nikaandika, "Mpigie baba haraka, wakati wowote." Kilichobaki kilikuwa kuigusisha simu kwenye bangili. Nimekaa na simu mkono huu na bangili mkono huu, uji umeganda juu, nje kunaanza kuwa giza, na nimekuwa nikifikiria siku hiyo itakavyokuwa. Mtu nisiyemjua ananipigia, mwanao ameanguka. Mimi nipo juu ya kichuguu. Nitampigia kelele, kama nilivyompigia Denisi. Nitamwambia usinirudishie simu bila jibu. Na huyo maskini, badala ya kukushika kichwa, atakuwa anashughulika na mimi.

Wewe ulishaliona hilo. Umri wako wote nimekuwa nikijisumbua nani atakutunza, kumbe umelala macho ukitafuta namna ya kunitunza mimi.

Nimeizima simu. Bangili nimeiacha kama ulivyoiandika, nimetoka kidogo kuiweka juu ya begi lako, ivae kabla hujatoka nje.

Lile ombi langu la mwanzo sikulikata, nimeliacha ulisome ujue nilikuwa nataka nini. Lakini naliondoa. Huko Morogoro bandika kibandiko cha dawa mahali pasipo na bati, na uweke kengele tu, kama ulivyotaka mwenyewe tangu mwanzo. Ujumbe usinitumie. Chai nitakunywa bila kujua. Itanichukua muda kuzoea, na mama yako atanicheka, na asubuhi chache za kwanza utaniwia radhi nikikupigia kukuuliza kama mvua imenyesha huko.

Nasikia pikipiki inapanda, nadhani ni wewe. Waache wakulaze ubavu, mwanangu, wao watakuwa karibu. Ukiamka, nipigie.

Baba